Siga za bei nafuu ndani ya deli: shajara kutoka Iringa

Lengo ni moja: kujua kama siga ya bei ya chini (ule msokoto mnene wa majani ya tumbaku, si sigara ya karatasi), ikitunzwa vizuri kwa mwaka mzima hapa Iringa, itakuwa bora kuliko ilivyofika. Kwa kawaida siga hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 16 hadi 20 hivi, na unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70. Sharti la joto mji huu unalitimiza wenyewe kwa miezi mingi, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Dar es Salaam atalipia umeme apate baridi tunayoipata sisi bure. Kilichonila fedha ni unyevu, ndiyo maana sehemu kubwa ya shajara hii inahusu unyevu.

Niliweke wazi mapema: moshi wa siga una madhara hata usipoumeza, na saratani ya kinywa na koo ni jambo la kweli kwa wavutaji wa siga. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Ninawaandikia watu wazima ambao tayari wanavuta, na ambao wangependa kuvuta mara chache na kwa kutulia.

3 Juni 2023. Mzigo umefika

Bunda moja la siga 20, TSh 170,000 kwa muuzaji wa Dar es Salaam, pamoja na TSh 8,000 za kutumiwa kwa basi. Kila siga imefika Kihesa, hapa Iringa, kwa karibu TSh 9,000. Muuzaji ameweka nyongeza ya siga chache nyepesi, zenye jani la nje la rangi ya maziwa ya chai, aina ya Connecticut. Zile za bunda ni za jani la kahawia iliyokolea.

Saizi ni robusto: urefu wa inchi 5 na unene wa 50. Huo unene ni sehemu 50 za inchi iliyogawanywa mara 64, karibu milimita 20. Tumbaku ya ndani ni ya Nicaragua, jani la nje limelimwa Ecuador. Hakuna boksi wala pete, ila kila siga ina nailoni yake.

Urahisi wa bei una sababu zake. Siga ghali hujazwa majani marefu yanayotoka kichwani (upande wa mdomo) hadi mguuni (upande unaowashwa). Hizi zimejazwa mchanganyiko wa majani marefu na vipande vifupi. Sababu nyingine ni muda. Jani la siga, baada ya kukaushwa kwa hewa bandani, hulundikwa kwenye marundo makubwa yenye unyevu, nayo hujipasha joto na kuchachuka. Protini huvunjika, amonia hutoka, ukali hupungua. Kiwanda kinachouza rahisi hakiwezi kuziacha fedha zake zilale kwenye rundo miaka na miaka, kwa hiyo kipande cha kazi hiyo kinaachiwa mnunuzi.

Wakulima wa tumbaku wa Chunya waangalie hapa. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya mabani kwa joto la moto unaopita kwenye mabomba. Inabaki na sukari nyingi na rangi ya dhahabu, na safari yake ni kwenye sigara za kawaida. Hata ile waliyolima walowezi wa Kigiriki hapa Iringa enzi za ukoloni ilikuwa ya mvuke. Jani la siga ni la hewa, tena la kuchachushwa. Ukisokota jani la mvuke ukaliweka mwaka, utatoa jani la mvuke lenye umri wa mwaka.

Jioni nimewasha moja ili niwe na pa kuanzia. Kabla hata ya moto, mguu wa siga ulinuka kama zizi lililofungwa usiku kucha. Hiyo ndiyo amonia. Theluthi ya kwanza ilijaa pilipili manga, ikachoma puani. Katikati ikaja ladha ya karanga zilizokaangwa na udongo mkavu, kwa muda mfupi lakini kwa uwazi. Theluthi ya mwisho ilikuwa chungu, na ulimi ukabaki na ganzi hadi asubuhi. Jivu lilikuwa jepesi, likidondoka kabla ya kufika sentimita moja.

Zile karanga za katikati ndizo zilizonishawishi kuendelea. Kuna kitu kizuri humo ndani, kimefunikwa.

11 Juni 2023. Kipima unyevu

Cha dijitali, TSh 25,000, kutoka duka la vifaa vya vifaranga. Wafugaji wa kuku wanakitumia kwenye mashine za kutotolesha, kwa hiyo kinapatikana mikoani bila shida.

Usikiamini kabla ya kukipima kwa chumvi. Jaza kizibo cha soda chumvi ya mezani, dondoshea maji matone machache hadi ilowe yote bila kuyeyuka, kisha kiweke pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa zipu uliofungwa barabara. Usiuguse usiku kucha. Chumvi iliyolowa namna hiyo hushikilia hewa iliyofungiwa nayo kwenye asilimia 75, iwe Iringa au Tanga. Changu kilisoma 69. Maana yake kila namba kinayonionyesha naiongezea 6, na nimeiandika "+6" kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwake. Namba zote zinazofuata nimeshazisahihisha.

Chumbani leo: nyuzijoto 17, unyevu asilimia 48. Siga ikiachwa wazi kwenye hewa hii inakauka hadi jani la nje lipasuke kwa kuguswa tu.

Kwa sasa siga zote ziko kwenye kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira. Majaribio yatafanywa kwa siga chache chache ili likiharibika jambo lisiharibike bunda zima. Ushauri huo nampa yeyote atakayeiga kazi hii.

16 Julai 2023. Sanduku la paini limeshindwa

Masanduku ya siga duniani hutengenezwa kwa Cedrela odorata, mti wa Amerika ya Kati na Kusini ambao hapa nchini wengi huuita mwerezi. Iringa mbao iliyojaa ni paini, maana mashamba ya Sao Hill yako hapo Mafinga tu. Nikamwendea fundi seremala wa mtaani, mzee mwenye mkono safi kuliko wote ninaowajua.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene. Sanduku la nini safari hii?"

Nilipomweleza akachagua mbao zilizokaushwa muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, paini ikikauka hivi haikusumbui." Sanduku lenyewe ni zuri mno: pembe zimeumana, mfuniko unashuka taratibu kwa kubanwa na hewa ya ndani. TSh 35,000.

Kwa meza au kitanda angekuwa sahihi. Lakini ndani ya sanduku lililofungwa, lenye unyevu, utomvu wa paini unaamka. Baada ya wiki chache nilifungua nikakutana na harufu ya tapentaini. Siga niliyoionja kutoka humo ilikuwa na ladha ya rangi ya mafuta tangu pafu la kwanza hadi nilipoizima. Nilizitoa zilizobaki nikazianika kivulini, nikazirudisha kwenye kopo lake peke yake, na harufu haikuondoka. Tumbaku hushika harufu na haiachii kirahisi.

Mambo mawili kwa anayetaka mbao. Usitumie paini, msaipresi wala mlingoti (mkaratusi) hata zikikauka vipi. Na usidanganyike na mwangati kwa kuwa una harufu tamu ya penseli: mafuta yake ni makali mno kwa siga. Mwerezi wa Cedrela umepandwa Tanga, pande za Amani na Muheza. Fundi ameagiza vipande vya mabaki kupitia kwa mwenzake, TSh 15,000 pamoja na usafiri. Havitoshi sanduku, vinatosha vitu vya kutandika.

Sanduku la paini linahifadhi patasi sasa, na linaifanya kazi hiyo vizuri sana.

6 Agosti 2023. Chumvi ni kipimo, si makazi

Kwa kuwa chumvi inashikilia asilimia 75, na ni ya bei ya kutupwa, wazo lilikuwa kuitumia kama chanzo cha unyevu: kikombe cha chumvi iliyolowa ndani ya kopo, siga juu ya kichanja. Gharama TSh 1,000.

Unyevu ulikaa 75 bila kuyumba, na tatizo ni hiyo 75 yenyewe. Siga zilivimba. Rafiki anayenunua dhahabu ya wachimbaji wadogo alinipimia moja kwenye mizani yake kabla na baada, ikawa imeongezeka karibu nusu gramu. Jani la nje la siga mbili lilichanika karibu na kofia, kile kipande kinachofunga kichwa, kwa sababu ya ndani ilitanuka kuliko lenyewe. Nilipowasha moja, moto ulichimba handaki katikati huku pembeni pakibaki pabichi. Ilizimika mara kwa mara, na kila ilipowashwa upya ilizidi uchungu.

Siga ya vipande vifupi inateseka zaidi na unyevu huu kuliko ya majani marefu. Vipande vikivimba vinazibana zile njia ndogo za hewa, ambazo tangu mwanzo hazikupangwa kwa mstari. Kwa hiyo kwa siga za bei hii lengo langu limeshuka: asilimia 65, isizidi 68.

27 Agosti 2023. Deli, na umande wa alfajiri

Nimepata deli lililotumika, la mwuza barafu aliyeacha biashara. TSh 15,000. Ni chombo kinachofaa kuliko vyote nilivyojaribu: plastiki ngumu, tabaka la povu katikati, mfuniko unaobana. Joto la nje likipanda na kushuka, la ndani linafuata polepole.

Kulisafisha kulichukua muda kuliko nilivyotegemea. Harufu ya vanila na ukwaju ilikuwa imeingia kwenye plastiki. Sabuni haikufua dafu. Kilichosaidia ni magadi ya kuokea yaliyokorogwa na maji, yakapakwa ndani na kuachwa, kisha deli likakaa wazi juani siku kadhaa, halafu gazeti lililokunjwakunjwa likafungiwa ndani usiku mmoja mmoja hadi gazeti lenyewe lisinuke. Nusa gazeti, usinuse deli. Pua ikishazoea deli haikuambii ukweli.

Nikatandika vipande vya mwerezi chini na pembeni, nikaweka siga, nikaliweka deli chini ya dirisha la mashariki. Asubuhi ya baridi kali nilipofungua nilikuta matone yamejipanga chini ya mfuniko, na moja limedondokea siga na kuacha doa jeusi kwenye jani la nje.

Sababu yake ni hii. Hewa ikiwa na joto hubeba mvuke mwingi, ikipoa inashindwa kuubeba. Jua la asubuhi lilipasha upande mmoja wa deli, usiku wa Iringa ukapoza mfuniko, na mvuke ukageuka maji mahali palipo baridi zaidi. Kipima unyevu kilikuwa kinasoma 67 muda wote huo kwa sababu kilikaa chini, kwenye uvuguvugu.

Marekebisho hayakugharimu kitu: deli limehamia chini ya kitanda cha chumba cha katikati, mbali na ukuta wa nje, juu ya kipande cha mbao lisigusane na sakafu, na limefunikwa blanketi kuukuu. Ndani ya mfuniko nimebandika kitambaa cha pamba kikavu ili tone likitokea likamatwe. Nimehamishia kipima unyevu katikati ya kimo. Joto la ndani sasa linacheza kati ya nyuzijoto 17 na 18 mchana na usiku, bila waya wala injini. Wenzetu wa nchi za joto hununua makabati ya umeme kupata hilo.

15 Oktoba 2023. Glaikoli dhidi ya pakiti

Upepo wa kiangazi umekausha kila kitu. Chumbani ni asilimia 38 mchana. Deli linahitaji chanzo cha unyevu kinachoutoa hewa ikikauka na kuunyonya ukizidi.

Njia ya kwanza ni propilini glaikoli na maji ya mvuke uliopozwa, nusu kwa nusu, kwenye sponji ndani ya kisahani. Mchanganyiko huo unalenga asilimia 70 hivi. Glaikoli nimeipata kwenye duka la malighafi za sabuni, nusu lita kwa TSh 12,000. Dada wa dukani aliniuliza natengeneza losheni gani. Nilipomwambia ni ya siga akanitolea chupa mpya iliyofungwa, akasisitiza nisome jina lote. Namshukuru kwa hilo, maana kuna etilini glaikoli, ile ya kulanti ya gari, nayo ni sumu. Isikaribie kitu kinachoenda mdomoni.

Kuhusu maji: ya bomba yana chokaa inayoziba sponji, na ni rahisi kuota kuvu. Maji ya betri yanafaa, ila hakikisha ni maji na si asidi ya betri, kwa kuwa madukani hukaa rafu moja na chupa zinafanana. Mwenye shaka achemshe maji, akusanye mvuke kwenye mfuniko wa sufuria uliopozwa. Yanatosha.

Njia ya pili ni pakiti za Boveda za asilimia 65, zenye chumvi maalumu ndani ya utando unaopitisha mvuke pande zote mbili. Mbili, TSh 44,000, zimeletwa na shemeji aliyekwenda Dar es Salaam kikazi. Bei inauma.

Nimeligawa deli kwa makopo mawili ya chakula yaliyowekwa ndani yake, mifuniko imefungwa. Sponji imekaa 70 hadi 72 na inahitaji kuongezwa maji mara kwa mara. Pakiti imekaa 65, basi. Siga za kopo la pakiti zinaungua kwa mstari ulionyooka zaidi, zinavutika kwa urahisi, na hazizimiki. Kwa robusto za vipande vifupi sina tena mjadala. Mwenye fedha za njia moja tu anunue pakiti na aache kununua sanduku la aina yoyote.

Anayebaki na glaikoli akamue sponji hadi isidondoshe, aiweke mbali na siga, na kwenye masika aitoe kabisa.

26 Novemba 2023. Tundu

Joto la chumba limepanda hadi nyuzijoto 26 mchana, na ndani ya deli 23. Mwanzoni mwa mwezi, kwenye ukaguzi, nilikuta siga moja ina tundu la mviringo safi, la kama kichwa cha pini, na unga wa kahawia umejikusanya ndani ya nailoni.

Ni mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne. Ana urefu wa milimita 2 hadi 3, rangi ya kahawia, mgongo wa kuinama. Aliyewahi kuona fukusi wa mahindi hatapata shida kumkadiria. Wenye maghala ya tumbaku wanamjua. Mayai huja na jani lenyewe kutoka lilikolimwa. Kwenye baridi yanalala. Joto likipita nyuzijoto 22 au zaidi hatari ya kuanguliwa inaongezeka, na buu ndiye anayekula handaki ndani ya siga. Baridi ya Juni iliniwekea amani ambayo Novemba imeiondoa.

Dawa ni kugandisha. Siga zote, si ile yenye tundu tu. Nilizifunga kwenye mifuko miwili ya zipu, mmoja ndani ya mwingine, hewa ikiwa imetolewa, nikazipeleka kwenye friza la duka la shemeji. Mifuko miwili ni lazima: friza lile lina samaki wa Mtera.

Kwa umeme ulio imara, siku tatu hadi nne kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri zinatajwa kuwa zinatosha. Sasa hivi kuna mgao. Umeme unakatika saa nyingi, friza linapanda joto na kushuka. Kwa hiyo siku ambazo umeme ulikatika sikuzihesabu, na mzigo umekaa humo zaidi ya wiki. Shemeji alijaza chupa za maji kandokando ya mfuko. Zikiganda zinashikilia baridi wakati umeme haupo. Wazo lake hilo limeokoa kazi yote, na ninaliandika kwa heshima.

Kuzitoa kuna utaratibu: kutoka friza zihamie jokofu la kawaida siku nzima, kisha chumbani siku nyingine, mifuko ikiwa bado imefungwa. Moja niliyoitoa moja kwa moja kuikagua ilipasuka jani la nje kuanzia mguuni hadi katikati. Ile yenye tundu nimeichoma jikoni. Hakuna tundu jipya lililoonekana baadaye.

18 Februari 2024. Masika, ukungu na ulanzi

Mvua za msimu huu zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na nyumba imekuwa na unyevu asilimia 80 na zaidi. Kopo la pakiti halikutikisika. Kopo la glaikoli nilikuta siga mbili zilizokuwa zinagusana na kisahani zimeota manyoya meupe mguuni.

Wapo wanaosema cheupe juu ya siga ni mafuta yaliyoiva, dalili ya ubora. Mimi kila cheupe nakihesabu kuvu hadi kinishawishi vinginevyo. Kikiwa na manyoya, kimekaa kwa mabaka, au kina kijani, ni kuvu. Kikiwa juu ya jani la nje tu na siga ni nzima, futa kwa kitambaa kikavu na uitenge. Kikiwa mguuni, maana yake kimeingia kwenye tumbaku ya ndani, na siga hiyo haifai kuvutwa. Zote mbili zimekwenda. Kisahani nacho nimekiondoa kwa msimu huu.

Kuonja kwa miezi minane kulifanyika kibarazani na shemeji. Ni msimu wa kugema ulanzi, pombe ya mwanzi, akaja na wa aina zote mbili. Ulanzi mtogwa, ule mtamu mpya, ulifunika siga yote tukabaki tunaonja mwanzi. Mkangafu, ule uliochacha, ulikuwa na ugwadu uliosafisha ulimi, kila pafu likawa kama la kwanza. Lakini tulichokubaliana wote wawili ni chai kavu ya Mufindi isiyo na sukari. Haishindani na kitu.

Siga yenyewe: harufu ya amonia haipo tena mguuni. Pilipili ya mwanzo ipo, ila imetoka puani ikabaki mdomoni, mahali inapovumilika. Karanga zimeanza mapema, kabla ya katikati.

"Shemeji, hii ndiyo ile ile?" aliniuliza. Ndiyo ile ile.

Ile nyepesi ya Connecticut imetuhuzunisha. Ilipofika ilikuwa na ladha ya siagi na majani makavu, na ulaini mzuri. Sasa imebaki moshi wa uvuguvugu.

9 Juni 2024. Mwaka

Mwezi uliopita nilinunua bunda la pili la siga zile zile, safari hii TSh 185,000, nikaziweka kwenye kopo la 65 wiki kadhaa kabla ya leo. Hilo lilikuwa la lazima. Bila kulinganisha unyevu kwanza ningekuwa napima ubichi, si umri. Nailoni peke yake zinasema jambo: za mwaka zimegeuka manjano ya chai hafifu kwa mafuta ya tumbaku, mpya ni nyeupe.

Mke wangu alizivua nailoni, akafunga uzi mwekundu kwenye moja na mweusi kwenye nyingine, akaandika kwenye karatasi aliyoikunja. Shemeji na mimi tulionja bila kujua, kwa jioni mbili tofauti, tukiwa tumekula mapema.

Uzi mweusi: pilipili puani, jivu jepesi, karanga katikati, uchungu mwisho. Nilirudi kwenye ukurasa wa 3 Juni 2023, maneno yakakaribia kuwa yale yale.

Uzi mwekundu: mguu unanuka ngozi na mwerezi. Pafu za kwanza ni pilipili manga ya mbali, halafu karanga zinakuja na kukaa. Theluthi ya mwisho inapata joto na ukavu, lakini ule uchungu wa kutia ganzi haupo, na tuliivuta hadi ikawa fupi kushika. Sote wawili tuliandika mwekundu ndio wa mwaka, na karatasi ikatuunga mkono.

Kilichobaki vile vile nacho kiandikwe. Jivu ni lile lile, linadondoka mapema, kwa sababu vipande vifupi havigeuki majani marefu kwa kukaa. Ladha mpya niliyoweza kuitaja ni ya mbao tu, na hiyo imetoka kwenye vile vipande vya Tanga. Karanga zilikuwemo tangu siku ya kwanza. Mwaka umeondoa vilivyozifunika. Ndiyo maana ile nyepesi imeishia patupu: haikuwa na ukali wa kuondolewa, muda ukala ladha yenyewe. Anayenunua siga rahisi kwa ajili ya kuitunza achague inayomkera kwa ukali lakini ina kitu kizuri katikati. Laini aivute ndani ya miezi michache.

Gharama za vilivyobaki kazini: deli 15,000, kipima unyevu 25,000, mwerezi 15,000, pakiti 44,000. Jumla TSh 99,000. Vilivyoondoka ni sanduku la paini 35,000, glaikoli 12,000 na chumvi 1,000. Pakiti zinabadilishwa zikikauka na kuwa ngumu kwa kushikwa. Zangu bado laini upande mmoja, zitahitaji wenzake kabla ya upepo wa Septemba.

Bunda la pili lote limeingia deli, isipokuwa zilizoonjwa. Safari hii linagandishwa sasa, Juni, wakati umeme umetulia, bila kusubiri joto la Novemba limwamshe mdudu. Za bunda la kwanza zilizobaki ni chache na zimefungwa uzi mwekundu. Zitaguswa Juni 2025, na ukurasa wake utaongezwa hapa.